Vanila au Chokoleti: Uchambuzi wa Kisa cha Karamu ya Kanisa, Lycoming, 1940

Aprili 19, 1940, afisa afya wa kijiji cha Lycoming, Kaunti ya Oswego katika jimbo la New York, alipeleka taarifa kwa mkuu wake aliyekuwa Syracuse: watu wengi wa kijiji wameshikwa ghafla na kutapika na kuharisha. Aliyetumwa kuchunguza ni Dk. A. M. Rubin, mtaalamu wa epidemiolojia (elimu ya namna magonjwa yanavyoenea) aliyekuwa bado mafunzoni. Wote walioathirika walipona ndani ya saa 24 hadi 30, na ni kama mmoja tu kati ya watano aliyekwenda kwa daktari.

Ukikipima kwa madhara, basi, hiki ni kisa kidogo mno. Hata hivyo kila anayejifunza kuchunguza milipuko ya magonjwa hukutana nacho mapema. CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, imekigeuza zoezi la darasani, na takwimu zake ziliwekwa ndani ya Epi Info, programu yake ya kompyuta ya kuchambua data za magonjwa, ili wanaoanza wajifunzie. Namba zake ni chache kiasi cha kuhesabika kwa kalamu na karatasi. Kina jibu lililo wazi, yaani chakula gani kilidhuru, na kina swali lililobaki bila jibu, yaani kilichafuliwaje. Mimi nakirudia kwa sababu nyingine: ushahidi mzito kuliko wote ulitoka kwa watu ambao hawakuugua hata kidogo.

Je, ni karamu kweli?

Jioni ya Aprili 18 kulikuwa na karamu katika chumba cha chini cha kanisa la kijiji. Chakula kililetwa na waumini wengi wenyewe, kikapangwa mezani. Watu walianza kula saa 12 jioni, na karamu iliendelea hadi saa 5 usiku.

Mchunguzi alipofika alikuta jambo moja limekwisha kujitokeza. Wagonjwa wote waliojulikana walikuwa wamehudhuria karamu, na ndugu zao waliobaki nyumbani walikuwa wazima. Taarifa hiyo ni fupi lakini ilimwondolea kazi kubwa. Kama chanzo kingekuwa maji ya kijiji, au maziwa yanayonywewa kila nyumba, wale wa nyumbani nao wangeugua. Ukipata familia iliyogawanyika namna hiyo, wengine walikwenda na wengine hawakwenda, umepata kipimo ambacho hakuna maabara inayoweza kukupa.

Watu waliojulikana kuwa walikuwapo ni 80. Rubin alifanikiwa kuwahoji 75. Aliwauliza kama waliugua, waliugua siku gani na saa ngapi, na kati ya vyakula vilivyokuwa mezani walikula vipi. Waliougua walikuwa 46. Waliobaki, watu 29, hawakuwa na dalili yoyote, na waliulizwa maswali yaleyale ya chakula.

Hapa ndipo uchunguzi mwingi huharibika. Akili ya kawaida hukimbilia kwa mgonjwa. Unamkuta kitandani, unamuuliza alikula nini, unaandika, unakwenda kwa mwingine. Ukimaliza una orodha ndefu ya vyakula ambavyo wagonjwa walikula, na haikuambii lolote, kwa kuwa watu wazima nao walikula vyakula hivyohivyo. Kati ya wagonjwa 46 wa Lycoming, 29 walikula paja la nguruwe la kuoka, 27 walikula keki, 25 walikula aiskrimu ya chokoleti. Mdomo wa mtaa ungeweza kuchagua kimojawapo na kumtia lawama aliyekipika kabla jua halijatua.

Saa zinasema nini

Dalili zilikuwa kichefuchefu, kutapika, kuharisha na maumivu ya tumbo. Zilianza kwa ghafla. Hakuna mgonjwa aliyesema alikuwa na homa.

Wengi walianza kuugua kati ya saa 3 usiku wa Aprili 18 na saa 8 na nusu usiku huohuo. Ukichora grafu unapata kilima kimoja chembamba, kinachopanda haraka na kushuka haraka. Umbo hilo ni la watu waliokutana na kitu kimoja kwa wakati unaokaribiana. Ugonjwa unaopokezana kutoka mtu hadi mtu huchora mawimbi, moja likifuatiwa na lingine baada ya siku kadhaa.

Ila kuna kasoro katika data ambayo ni vizuri kuisema. Karamu ilichukua saa tano, kwa hiyo huwezi kudai kwamba kila mtu alikula saa 12 jioni. Ili ujue muda uliopita kati ya kula na kuugua unahitaji saa mbili kwa kila mgonjwa: saa aliyokula na saa aliyoanza kuumwa. Zote mbili zilipatikana kwa wagonjwa 22 tu, pungufu ya nusu. Kwa hao 22, muda ulikuwa kati ya saa 3 na saa 7, na mgonjwa wa katikati alianza kuumwa saa 4 baada ya kula.

Muda huo pekee unafuta majina mengi kwenye orodha ya washukiwa. Bakteria wa Salmonella kwa kawaida hujionyesha baada ya nusu siku hadi siku moja na nusu, na huja na homa. Bakteria wengine, Clostridium perfringens, huchukua saa 8 hadi 16, na mgonjwa wake huharisha zaidi kuliko kutapika. Norovirus, kirusi ambacho mwaka 1940 hakuna aliyekijua, huhitaji saa 12 hadi 48. Sumu za metali hupiga ndani ya dakika. Ukiona watu wanatapika saa tatu au nne baada ya kula, bila homa, kisha wanainuka kesho yake, unafikiria sumu iliyokuwa tayari ndani ya chakula kabla hakijaingia mdomoni. Bakteria hawahitaji kuzaliana tumboni, kazi waliimaliza jikoni. Mshukiwa wa kwanza hapo ni bakteria aitwaye Staphylococcus aureus.

Elimu hiyo ilikuwa changa wakati ule. Mwaka 1914 M. A. Barber, akiwa Ufilipino, alionyesha kwamba maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, yakiachwa kwenye joto, huwatapisha watu kwa sababu ya bakteria hao. Mwaka 1930 Gail Dack na wenzake wa Chicago walichuja bakteria kutoka kwenye kimiminika walichooteshea, wakawanywesha watu waliojitolea kile kilichobaki, nao wakaugua. Kwa hiyo aliyedhuru alikuwa sumu, wala si bakteria mwenyewe. Lycoming ilikuja miaka kumi tu baadaye.

Safu ya mwisho ya jedwali

Kwa kila chakula Rubin aligawa watu mara mbili: waliokula na wasiokula. Kisha akahesabu wagonjwa katika kila kundi. Vyakula na vinywaji vilikuwa kumi na vinne. Naweka sita vinavyotosha kwa hoja. Kwa viazi na chokoleti jumla ni 74, si 75, kwa kuwa jibu la mtu mmoja halipo.

| Chakula | Waliokula: wagonjwa kati ya wote | Wasiokula: wagonjwa kati ya wote |
|---|---|---|
| Paja la nguruwe | 29 kati ya 46 (63%) | 17 kati ya 29 (59%) |
| Viazi vya kupondwa | 23 kati ya 37 (62%) | 23 kati ya 37 (62%) |
| Jeli | 16 kati ya 23 (70%) | 30 kati ya 52 (58%) |
| Keki | 27 kati ya 40 (68%) | 19 kati ya 35 (54%) |
| Aiskrimu ya vanila | 43 kati ya 54 (80%) | 3 kati ya 21 (14%) |
| Aiskrimu ya chokoleti | 25 kati ya 47 (53%) | 20 kati ya 27 (74%) |

Funika safu ya mwisho kwa kiganja usome ile ya katikati tu. Vanila inaongoza kwa 80%, lakini jeli iko hapo nyuma kwa 70%, keki 68%. Mtu mbishi angeweza kukaa kikao kizima akitetea kwamba tofauti ya asilimia kumi ni bahati tu, na usingekuwa na la kumjibu. Sasa ondoa kiganja. Wasiokula jeli waliugua kwa 58%, karibu sawa na waliokula. Jeli imekwisha. Wasiokula vanila waliugua kwa 14%. Watu 21 walikuwa katika chumba kilekile, wakila paja lilelile na viazi vilevile, na 18 kati yao wakalala salama. Hao 18 ndio waliotatua kisa. Aliyekula vanila alikuwa na hatari ya kuugua mara 5.6 ya yule asiyeila, na 43 kati ya wagonjwa 46 walikuwa wameila.

Viazi navyo nimeviweka makusudi. 62% kwa 62%: hivyo ndivyo chakula kisicho na hatia kinavyoonekana kwenye jedwali.

Chokoleti ndiyo inayowasumbua wengi. Namba zinasema aliyekula chokoleti alikuwa na uwezekano mdogo wa kuugua kuliko asiyeila, kana kwamba chokoleti ni dawa. Wapo wanaofika hapa wakaanza kutafuta kemikali ndani ya kakao. Hakuna haja ya kwenda mbali hivyo. Aiskrimu zilikuwa mbili, na mtu aliyetaka aiskrimu alichukua moja au zote mbili. Waliokataa chokoleti kwa sehemu kubwa ni wale waliochagua vanila, ndiyo maana kundi lao limejaa wagonjwa. Miongoni mwa waliokula chokoleti, kuna ambao hawakugusa vanila, na hao ndio wanaoshusha asilimia. Hesabu ya haraka inaonyesha pia kwamba waliokula zote mbili si chini ya 26, maana 54 na 47 ni 101 na watu ni 75. Dawa ya mkanganyo wa namna hii ni kuwapanga watu katika makundi manne: vanila peke yake, chokoleti peke yake, zote mbili, wala moja. Jedwali la makundi mawili lina mipaka, na chokoleti imeufikia mpaka huo.

Keki nayo nadhani ni ya jamii hiyo. Anayechukua keki huelekea kuchukua na aiskrimu, kwa hiyo keki inabeba kivuli cha jirani yake.

Wasiofuata mstari

Watu 11 walikula vanila na hawakuugua. Hilo halinishtui. Sumu haisambai sawasawa ndani ya debe zima, mmoja huchukua kijiko na mwingine bakuli, na miili haifanani. Kama maswali yangeuliza kila mtu alikula kiasi gani, tungeweza kuona iwapo walaji wakubwa waliugua zaidi, na ushahidi ungeongezeka uzito.

Watatu waliugua bila kula vanila. Ripoti ya uchunguzi inaelekeza kidole kwenye kijiko cha kuchotea: kimoja ndicho kilichotumika kwa madebe yote mawili, kwa hiyo huenda vanila kidogo ilihamia kwenye chokoleti. Inaingia akilini. Huenda pia mmoja wao alisahau alichokula. Kumbukumbu za watu juu ya meza ya karamu si za kuapia.

Wa kufurahisha zaidi ni yule aliyeanza kuugua saa 9 alasiri ya Aprili 18, saa tatu kabla karamu haijaanza. Kwenye grafu amekaa peke yake mbali kushoto, na mtu mwenye haraka angemfuta akisema ni kosa la kuandika au ana ugonjwa wake mwingine. Kumbe alikuwa mtoto aliyesimama kutazama aiskrimu ikigandishwa asubuhi hiyo. Saa 5 asubuhi alipewa kibakuli cha vanila, kama watoto wanavyopewa wakizubaa karibu na jiko. Saa nne baadaye akaugua, muda uleule wa mgonjwa wa katikati.

Mtoto huyo mmoja, kwa maoni yangu, ana thamani ya wagonjwa kumi wa usiku. Anaiondoa meza ya karamu yote: kijiko cha kuchotea, saa tano za kukaa mezani, mikono ya waliokuwa wakijipakulia. Vanila ilikuwa na sumu kabla ya mgeni wa kwanza kufika.

Kurudi jikoni

Aiskrimu zote mbili zilianzia mahali pamoja. Alasiri ya Aprili 17 dada wawili walichemsha maziwa mabichi ya shambani kwao juu ya maji ya moto, wakaongeza sukari, mayai na unga kidogo wa kuyapa uzito. Mchanganyiko wa vanila na wa chokoleti ulitayarishwa kila mmoja peke yake. Saa 12 jioni vyombo vyote viwili, vikiwa vimefunikwa, vilipelekwa kwenye chumba cha chini cha kanisa na kuachwa humo usiku kucha.

Asubuhi mtu mwingine aliongeza ladha ya vanila na maziwa mazito ya kopo katika michanganyiko yote miwili. Vanila ikatiwa kwenye debe la kugandishia kwa dakika 20, kisha ikahamishiwa debe lingine lililooshwa kwa maji yanayochemka. Debe la kwanza likasuuzwa kwa maji ya bomba tu, chokoleti ikatiwa humo, ikaganda kwa dakika 20 na kubaki humohumo. Yote mawili yakazungushiwa barafu.

Maziwa yaliyochemshwa, mayai na sukari, vikaachwa usiku mzima bila kupozwa: kwa Staphylococcus hiyo ni karamu yake ya kwanza, kabla ya ile ya watu. Kuchemsha huwaua bakteria wengine ambao wangeshindana naye, kisha yeye anaingia baadaye kutoka puani au mkononi mwa mtu na kukuta uwanja mtupu. Akishatoa sumu, hakuna kurudi nyuma. Kugandisha hakuiharibu, na hata ukichemsha upya sumu hustahimili moto unaomuua aliyeitengeneza.

Saa ya yule mtoto inatusaidia tena hapa. Bakteria walioingia asubuhi, pamoja na ladha na maziwa ya kopo, wasingepata saa za kutosha kuzaliana na kutoa sumu kabla ya saa 5. Ripoti inasema uchafuzi ulitokea kati ya jioni ya tarehe 17 na asubuhi ya tarehe 18. Mimi ningeuvuta kuelekea jioni.

Lakini kwa nini vanila tu? Mchele mmoja, mapishi mbalimbali, wasemavyo Waswahili. Hapa hata mapishi yalikaribia kuwa mamoja. Maziwa yalikuwa yaleyale, kwa hiyo nadharia ya ng'ombe mgonjwa inadhoofika, kwani chokoleti nayo ingepaswa kudhuru. Wapishi walewale, chumba kilekile, usiku uleule. Kilichobaki ni tukio dogo lililogusa chombo kimoja na kukiacha kingine: kuonja, kukohoa, mfuniko uliofunguliwa mara moja.

Pua ya mpishi

Maabara ya jimbo huko Albany ilipima mabaki. Vanila ilikuwa na Staphylococcus aureus na ndugu yake, Staphylococcus albus, kwa wingi. Chokoleti ilikuwa na wachache. Ripoti inaona huenda wachache hao walifika kwa kijiko. Mimi naona debe lililosuuzwa kwa maji ya bomba baada ya kutoa vanila linatosha kueleza.

Wote walioshika aiskrimu walikaguliwa, na hakuna aliyekutwa na kidonda cha nje wala mafua. Dada wawili wakachukuliwa sampuli za pua na koo. Mmoja alikutwa na Staphylococcus aureus puani.

Hapo ndipo uchunguzi wa karamu ya jamii unapokuwa mgumu kuliko wa hoteli. Mpishi ni jirani, hakulipwa, alijitolea maziwa ya ng'ombe wake, na kesho atakaa benchi moja na waliotapika. Karatasi ya maabara yenye jina lake inaweza kumfuata miaka. Na karatasi hiyo ilithibitisha nini? Takriban watu watatu kati ya kumi wenye afya njema hubeba bakteria huyo puani bila kujua. Ukipima wapishi wa karamu yoyote, hata ile ambayo hakuna aliyeumwa tumbo, utawapata. Ili kusema bakteria wa kwenye aiskrimu walitoka kwenye pua ile, ni lazima uonyeshe ni wa ukoo mmoja, na kipimo cha vinasaba kinachofanya hivyo leo hakikuwapo 1940. Ripoti iliandika kwamba njia ya uchafuzi haieleweki vizuri, na kwamba kuihusisha na matokeo ya familia ile ni kubahatisha. Naona sentensi hiyo ni ya kitaaluma kuliko nyingine zote katika ripoti, ingawa kijiji bila shaka kilitaka jina.

Hakuna sampuli za kinyesi zilizochukuliwa. Siku hizi zingechukuliwa, pamoja na matapishi, na maabara ingetafuta sumu yenyewe badala ya kuhesabu bakteria tu. Swali la joto la chumba cha kanisa lingeulizwa mapema kabisa.

Aiskrimu iliyosalia ilipigwa marufuku. Vyakula vingine vyote vilikuwa vimeliwa vikaisha, na hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kama mkosaji angekuwa paja la nguruwe, Albany isingekuwa na kitu cha kupima, na mchunguzi angebaki na lile jedwali peke yake, likiwa na safu yake ya mwisho.